Boraksi Kwenye Maharage ya Wifi

Naandika haya nikiwa na daftari langu la zamani mbele yangu, kauntabuku lenye jalada jekundu ambalo panya wamelila upande mmoja. Pale walipokula najaza kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yangu siiamini sana. Kama kuna mtu humu nimemwonea, anisamehe. Kama kuna niliyempendelea, naye asijisifu.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na sikuchaguliwa kuendelea. Sisemi nilionewa. Waliochaguliwa walikuwa wananizidi hesabu, nimewaona. Lakini nilibaki na tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari: nani amepita, nani amesema nini, mvua imeanza saa ngapi. Mume wangu alikuwa ananiuliza naandika kwa ajili ya nani.

Miaka hiyo ya tisini tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kawajense, mjini Mpanda. Mume wangu alikuwa kibarua wa njia ya reli. Walikuwa wanaondoka na toroli Jumatatu, wanakaza misumari na kubadilisha mataruma yanayolala chini ya reli huko porini upande wa Kaliua, wanarudi Jumamosi wamepauka vumbi. Kwa hiyo siku nyingi nilikuwa peke yangu, na mtu wa karibu niliyekuwa naye alikuwa wifi yangu, dada yake mkubwa mume wangu. Mjane, mrefu, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufa, kwa hiyo alikuwa wifi kwa cheo, lakini kwa madaraka alikuwa zaidi ya hapo.

Wifi alikuwa na kipande cha ardhi kando ya kijito, mwendo mfupi kutoka tulipokaa. Kilikuwa mchanga mtupu. Ulikuwa unamwaga ndoo ya maji, ukigeuka kuiweka ndoo chini, maji yameshapotea kama hukumwaga kitu. Wifi alikuwa na usemi wake juu ya kipande kile: "Mchanga huu haushiki kitu. Hata nyayo haushiki, mwizi akipita humjui."

Kulikuwa na mtu mwenye lori aliyekuwa anautaka mchanga ule. Mji ulikuwa unajengwa, na yeye alisema ni mchanga safi, hauna udongo, unafaa kupiga lipu. Alitaka auchimbe wote mpaka kiunoni. Wifi naye alikuwa na sababu ya kumsikiliza, na lazima niiseme: nyumba yake iliezekwa nyasi, na upande wa chumbani ilikuwa inavuja. Alitaka bati. Hakuwa na tamaa, alikuwa amechoka kuhamisha kitanda.

Mimi nikamwomba anipe kipande kile nilime mboga, kwa sababu sikuwa na ardhi nyingine Mpanda nzima na chumba chetu hakikuwa hata na uwanja wa kuanika nguo. Akafikiri siku kadhaa. Halafu akaniita, akanipa nusu ya juu, nusu ya chini akabakiza ya kwake ya maharage. Akanipa na sharti.

"Nakupa kiangazi hiki kimoja, wifi," alisema. "Mvua ya kwanza ikianguka nataka nione kwa macho yangu. Kama ni bustani, iwe bustani. Kama ni mchanga, aje mwenye lori auchukue."

Niliandika maneno hayo siku ileile. Ndiyo maana nayajua.

Hapa nieleze jambo moja, kwa sababu mtu asiyelijua hataelewa nilichokuja kufanya. Shamba la kuazima lina adabu yake. Ukimwagilia la kwako, unamwagilia na la mwenyewe. Ukipata samadi, unaanza kwa mwenyewe, halafu ndiyo unaweka kwako. Hakuna anayekuambia ufanye hivyo na hakuna anayekushukuru ukifanya. Lakini mazao yako yakiwa mazuri kuliko ya mwenye shamba, watu wanaopita njiani wanaanza kuguna, na mguno ule unamfikia mwenyewe kabla ya jioni.

Basi nikaanza. Samadi niliipata kwa mzee mmoja Msukuma aliyekuwa na zizi nje ya mji. Nilipomaliza kujaza gunia la kwanza, yeye ndiye aliyeniambia wabeja, yaani asante, kana kwamba namsafishia nyumba. Labda nilikuwa namsafishia kweli. Nilibeba kichwani safari nyingi. Nusu ya kila gunia ilienda kwenye maharage ya wifi, nusu kwenye matuta yangu ya kabichi na nyanya.

Mboga zikaota vizuri, kisha zikaanza kufanya mambo yao. Majani ya nyanya yaligeuka njano, lakini mishipa ya jani ikabaki kijani, kila jani likawa kama ramani ya mito kwenye kitabu cha jiografia. Kabichi zilifunga, kwa nje zilikuwa kubwa na nzito kiasi, mtu ungezisifia. Nikazipeleka sokoni nikiwa na furaha ambayo sikuiandika, kwa bahati nzuri.

Siku iliyofuata mama mmoja wa mgahawa, mteja wangu, alikuja na kabichi niliyomuuzia, ameipasua katikati. Aliweka vipande viwili mbele yangu, kimoja huku kimoja huku, akasimama. Kikonyo chote kilikuwa shimo. Ndani ya shimo kulikuwa na rangi ya kahawia, na ungeweza kuingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Najua kwa sababu niliingiza.

Nilirudi nyumbani nikazipasua nyingine. Zote hivyohivyo. Wifi alikuja akazitazama, akaokota nusu moja akachungulia kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

"Wifi, kabichi zako zina chumba na sebule," alisema. "Bado choo tu."

Maneno hayo yakazunguka soko lote. Kwa muda wanawake wenzangu walikuwa wakiniona wananiuliza kama kuna chumba cha kupangisha. Siwalaumu, yalikuwa yanachekesha. Mimi mwenyewe ningeyasema kama yangekuwa ya mwenzangu.

Nikamtafuta bwana shamba. Alikuwa kijana mwembamba wa ofisi ya kilimo, amepewa pikipiki ya serikali lakini petroli hakupewa, kwa hiyo siku ile alikuja anaisukuma. Sikumuuliza kwa nini asiiache ofisini. Nadhani ilikuwa cheo chake. Akaiegemeza kwenye mti, akatembea kwenye matuta, akachuma jani, akapasua kabichi, akanionyesha.

Alisema mimea ina vyakula vikubwa na vyakula vidogo. Vikubwa ndivyo vinavyopatikana kwenye samadi na mbolea ya dukani. Vidogo ni kama chumvi kwenye mchuzi: mmea unavitaka kidogo mno, lakini visipokuwepo chakula chote kinaharibika. Akavitaja: chuma, zinki, manganizi, boroni, na vingine ambavyo panya wamevila. Alisema mchanga ndivyo ulivyo, maji yanapita na kila kitu kinaondoka nayo, vidogo ndivyo vinavyotangulia. Njano ya kwenye nyanya alisema inaweza kuwa chuma, inaweza kuwa zinki, inaweza kuwa vyote, hakutaka kuapa. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini shimo la kabichi alisema hana shaka nalo, ni boroni.

Wifi alikuwa amesimama pembeni anasikiliza. Akauliza hiyo zinki ni kitu gani, na bwana shamba akamjibu ndiyo ile wanayopaka bati lisipate kutu. Wifi akatikisa kichwa polepole. Akasema mwenyewe analala chini ya nyasi, halafu nyanya zinadai bati.

Kuhusu chuma nilifanya jambo ambalo sijivunii. Mume wangu alikuwa na misumari mikubwa ya reli, ile ya zamani iliyokula kutu, inazuia mlango usifungwe na upepo. Niliichukua minne nikaifukia chini ya nyanya nne. Niliandika ni nyanya zipi, ili nizilinganishe na zingine. Baada ya wiki tatu sikuona faida na sikuona hasara. Nilipomweleza bwana shamba alisema jani haliwezi kutafuna msumari, na akaangalia upande mwingine kwa muda. Mlango nao ulikuwa unajibamiza siku zote hizo.

Lakini boroni alinielekeza vizuri. Alisema kwenye maduka ya pembejeo hapa haipo, ila kuna kitu kinaitwa boraksi, unga mweupe, wenye kuyeyusha dhahabu wanautumia, na ndani yake kuna boroni hiyohiyo. Niandike, akasema, na nikaandika mbele yake. Ukurasa ninao, umesalimika: Boraksi. Kijiko kimoja cha chakula. Keni moja ya maji. Tuta moja la hatua kumi. Mara moja tu. Kidogo. Chini yake nimeongeza: amerudia neno kidogo.

Alisema zile zenye mashimo zimeshaharibika, haziponi. Niwahi zile zilizoko kitaluni, nikishazihamisha na zikishika mizizi.

Fundi wa kuyeyusha dhahabu alikuwa na kibanda chake nyuma ya soko, mkaa, mvukuto na kijungu kidogo cheusi. Nilipomwomba boraksi alinitazama miguuni, akatazama na mfuko wangu. Akasema nitoe tu huo mchanga wangu wa dhahabu niliouficha, atanisafishia, hatamwambia mtu. Nikamwambia ni ya kabichi. Akasema sawa, watu wengi wanasema hivyo hivyo, ingawa nadhani mimi nilikuwa wa kwanza. Mwisho alinifungia kiasi kwenye kipande cha gazeti, akataka kabichi moja badala yake. Nikampa, ila nikamwambia wazi kwamba ina shimo ndani. Alisema yeye maisha yake yote ni mashimo, moja zaidi halitamshinda. Kuanzia siku ile kuna watu Kawajense waliokuwa wanaamini kwamba nina dhahabu, na sikuweza kuwatoa kwenye imani hiyo kwa sababu kila nilivyokataa ndivyo walivyoamini.

Kijiko kikubwa sikuwa nacho. Nilikwenda kuazima kwa wifi, na hakuniuliza cha nini.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Miche ya kabichi ilikuwa imeshika, na maharage mapya ya wifi yalikuwa na majani matatu matatu, yanapendeza. Nilichanganya unga kwenye keni ya kumwagilia, kijiko kimoja, nikakifuta mdomo kwa kidole ili kisizidi. Nikasimama na keni mkononi. Nilikuwa na dawa ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na ninaiweka kwenye shamba la mtu. Nikafikiri juu ya ile adabu niliyoieleza. Sikufikiri sana, labda hapo ndipo kosa lilipo. Nilitembea mpaka nusu ya chini, nikaanza na maharage ya wifi.

Niliyapa sawasawa. Tuta la maharage kijiko kimoja, tuta la kabichi kijiko kimoja, hatua kumi kwa hatua kumi. Daftari linasema: Nimeanza kwa wifi. Nimepima sawa. Hakuna aliyepunjwa.

Baada ya kama siku kumi kabichi zilikuwa zimesimama, zina rangi ya kijani nzito ambayo sikuwahi kuiona kwenye mchanga ule. Maharage yalikuwa yameanza njano pembeni mwa majani. Siyo katikati, pembeni, mstari mwembamba ukizunguka jani lote. Halafu mstari ukawa kahawia, majani yakakauka ukingoni kama karatasi iliyosogezwa karibu na kaa la moto. Majani ya chini ndiyo yalianza.

Nilijua. Sikujua kwa elimu, nilijua kwa sababu hakukuwa na kitu kingine kilichobadilika. Ningeweza kusema ni jua. Wifi mwenyewe kwanza alisema ni jua. Siku ya pili akasema siyo jua, ni mbegu. Alikuwa ameinunua kwa mama mmoja sokoni, mama mpole anayeuza maharage na karanga kwenye ungo, na wifi akaanza kusema kwamba mama yule amemuuzia mbegu iliyooza kwa makusudi kwa sababu ya ugomvi wao wa zamani wa kanisani. Alisema siku ya gulio atakwenda kuyamwaga chini maharage ya mama yule mbele ya watu.

Siku mbili hizo sikuandika kitu kwenye daftari. Ni kurasa mbili zina tarehe tu. Nikikaa kimya, nabaki na shamba, na mama wa watu anafedheheka sokoni kwa kosa langu. Nikisema, wifi anamwita mwenye lori kesho yake, na angekuwa na haki. Ningependa kuandika kwamba niliamua haraka. Kurasa zinaonyesha sikuamua haraka.

Asubuhi ya gulio nilimkuta wifi amekwisha kujifunga kitenge, ameng'oa mashina matatu ya maharage ameyashika mkononi kama ushahidi. Nikamwambia akae. Akakaa, kwa sababu sikuwa na kawaida ya kumwambia akae.

"Siyo mbegu, wifi," nikasema. "Ni mimi. Niliyawekea ile dawa ya kabichi."

Alitazama mashina, akanitazama mimi.

"Kiasi gani?"

"Kijiko kimoja kila tuta. Kama kabichi. Nilipima sawa."

"Kijiko kipi?"

"Kile kikubwa."

"Kijiko changu," alisema. Haikuwa swali. "Umekuja kwangu, umeazima kijiko changu, umeenda kulisha sumu maharage yangu."

Nikasema ndiyo. Nikamweleza kwamba nilianza na ya kwake ili asionekane amepunjwa. Halafu akauliza kama kabichi zangu zimekufa, nikamwambia hazijafa, ziko vizuri sana. Hilo lilimuuma kuliko yote, niliona. Akayaweka mashina chini, akaenda ndani, na kutoka humo ndani akasema kwa sauti ile yake kwamba mwenye lori anakaa karibu na stesheni, na yeye miguu anayo.

Sokoni hakwenda. Mama wa mbegu hajajua mpaka leo jinsi alivyopona, na mimi sikumwambia.

Nilikwenda mbio ofisi ya kilimo. Bwana shamba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, nilikwambia kabichi." Ni kweli alisema kabichi. Hakusema siyo maharage, lakini mimi pia sikuuliza, na kwenye daftari hakuna neno maharage siku ile. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta. Alinieleza kwamba kabichi ni mlaji mkubwa wa boroni na maharage hayaivumilii, kilicho chakula kwa huyu ni sumu kwa yule, na huwezi kuvipa sawa ukasema umetenda haki. Nilimuuliza kama kuna la kufanya. Akauliza maharage yako kwenye udongo gani, nikamwambia mchanga mtupu. Akacheka, mara ya kwanza kumwona anacheka.

"Basi una bahati. Ungekuwa udongo wa mfinyanzi ungengoja mvua. Mwaga maji, mengi, kila siku. Mchanga hautashika kitu."

Nikaanza siku ileile. Asubuhi kabla jua halijapanda nilikuwa kijitoni, nachota na kumwaga, nachota na kumwaga, kwenye maharage tu. Kabichi nilizipa maji yao ya kawaida, nyanya nilizipa yaliyobaki, na mara nyingi hayakubaki. Nyanya zilikauka wiki ya pili. Nilizing'oa, nikaikuta misumari ya reli, nikairudisha mlangoni.

Wifi alikuja siku ya tatu. Alikaa kwenye jiwe lililo pembeni ya kijito, amekunja mikono, hanisalimii. Nilimsalimia, akaitikia kwa sababu salamu haikataliwi. Akakaa mpaka nilipomaliza, akaondoka. Kesho yake akaja tena. Siku ya tano au ya sita, hapa panya wamekula, alisema mchoto wangu wa maji ni wa kivivu, ndoo inatoka nusu. Akainuka, akaichukua ndoo, akanionyesha ndoo inavyojazwa. Hakunirudishia. Tukawa tunachota wote wawili, yeye na ndoo yangu, mimi na sufuria.

Mwenye lori alikuwa amekwisha kuambiwa. Hilo nililijua kwa sababu siku moja alipita, akasimama juu ya njia, akaangalia kile kipande kwa jicho la mtu anayepima. Wifi hakumwita na hakumfukuza.

Halafu asubuhi moja wifi aliinama kwenye tuta, akakaa ameinama muda mrefu.

"Haya majani ya juu," alisema, "ni mapya, au ni macho yangu?"

Yalikuwa mapya. Yalikuwa safi mpaka ukingoni. Chini majani yalibaki yameungua, hayakupona, lakini juu mmea ulikuwa unaanza upya kana kwamba haukusikia habari. Siyo yote. Karibu theluthi yalikufa, na yaliyopona yalichelewa, yakatoa maganda membamba. Nisingependa mtu asome hapa akadhani yalirudi kama kawaida.

Mvua ya kwanza ilianguka mchana, kidogo, ya kunusisha vumbi. Kesho yake asubuhi lori lilikuwa limesimama kwenye njia, na watu wawili na makoleo yao wamekaa nyuma. Mwenye lori alishuka, akamsalimia wifi kwa heshima zote, akamwita mama. Wifi akamwambia angoje. Akaniagiza kisu.

Nilikileta. Aling'oa kabichi ya tuta la kwanza, akaiweka kwenye jiwe, akaipasua. Nyeupe, imejaa, kikonyo kigumu mpaka chini. Akaitazama pande zote mbili. Akamwambia mwenye lori achague yeye mwenyewe ya pili, ili isiwe imeandaliwa. Mwenye lori alitembea akachagua ya mbali kabisa, kubwa. Wifi akapasua. Imejaa. Ningeweza kuishia hapo kuandika, lakini alipasua na ya tatu, na ya tatu ilikuwa na shimo. Dogo, la kuingiza njiti moja ya kiberiti, lakini shimo. Tuliinama wote watatu tukalitazama.

"Hii ina sebule tu," wifi akasema. "Chumba hakuna."

Mwenye lori alingoja kusikia maana yake. Wifi akafuta kisu kwenye kitenge, akamwambia kwamba kule chini kabisa, kijito kinapokata kona, kuna mchanga mwingine ambao haujalimwa, achimbe huo. Mwenye lori alikwenda akaukanyaga, akasema huo una tope. Wifi akasema basi. Lori likageuka kwa shida, likaondoka na watu wake na makoleo yao.

Bati hakupata mwaka ule. Niandike na hilo, kwa sababu bustani yangu ilibaki kwa gharama ya chumba chake kuvuja. Jumamosi mume wangu aliporudi nilimweleza yote, na Jumapili tulikwenda wote wawili kumkatia nyasi, tukaezeka upande ule upya. Wifi alisimama chini anaelekeza, na alisema mume wangu anaezeka kama anavyokaza reli, anapigilia kisichohitaji kupigiliwa.

Jioni ile, tukiwa bado na nyasi kwenye nywele, wifi aliniambia nilete daftari langu. Hakujua kusoma, lakini alijua daftari lina nguvu. Akaniambia niandike kwamba nusu ya juu ni yangu kulima mpaka nitakapochoka, na kabichi niziwekee dawa yoyote nitakayo. Nikaandika. Akaniambia niandike na ya pili, kwamba maharage yake yapewe maji, na samadi ikiwepo, na zaidi ya hapo mtu asiyafanyie haki ya aina yoyote. Nikamsomea. Akasema soma tena pale kwenye haki. Nikasoma tena.

Hakukuwa na wino wa dole. Akapitisha kidole gumba kwenye masizi ya sufuria, akakandamiza chini ya maneno, akapuliza. Halafu akaniuliza kijiko chake kiko wapi, nikaenda nikakileta, nimekiosha mara tatu. Alikinusa, akakiweka peke yake kwenye kopo, mbali na vingine.

Dole lile lipo mpaka leo. Panya hawajafika upande ule wa daftari.